Umeumia Ukiwa Abiria: Mwongozo Kamili wa Kudai Fidia, Kuanzia Barabarani Hadi Kulipwa

Katika ajali ya barabarani, abiria ndiye mwenye dai safi kuliko wote. Hakushika usukani, hakuamua kupita trela kwenye kona, hakujaza watu 20 kwenye gari la viti 14. Lakini ni abiria hao hao wanaoambulia patupu mwaka baada ya mwaka kwenye barabara zetu hizi, kuanzia Salgaa na mteremko wa Sachangwan, kupitia Londiani na Fort Ternan, hadi Ahero na Mamboleo. Kinachowaangusha ni karatasi za wiki ya kwanza ambazo hawakuzichukua, na sahihi waliyoweka wakiwa bado na plasta mguuni.

Mwongozo huu ni wa abiria wa matatu, basi, Probox na boda boda wa Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya. Pia ni wa jamaa zao, maana mara nyingi mgonjwa yuko wodini na ni mke, kaka au binti yake anayezunguka na bahasha ya kaki akitafuta stakabadhi.

Hatua ya kwanza: matibabu, na kadi ya siku hiyo hiyo

Hospitali haina ruhusa ya kukuacha ukivuja damu kwa sababu huna pesa ya kulipia kwanza. Katiba, Kifungu cha 43(2), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza makali: kituo cha afya kinachokataa kutoa huduma ya dharura ilhali kina uwezo kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Hili linahusu hospitali za serikali na za kibinafsi. Ukizuiwa mlangoni, lisemeni kwa sauti na muandike jina la aliyewazuia.

Ukishaonwa na daktari, angalia kilichoandikwa kwenye kadi. Iwe ni hospitali kubwa kama Russia ya Kisumu, PGH ya Nakuru na Moi ya Eldoret, au zahanati ya kijijini, kadi iseme tarehe, kwamba ni ajali ya barabarani, na kwamba ulikuwa abiria. Taja kila panapouma, hata pale unapoona aibu kulalamika: jino lililolegea, kidole chenye ganzi, kichwa kinachozunguka. Jeraha ambalo halimo kwenye kumbukumbu za siku ya kwanza litapigwa vita na mawakili wa bima baadaye, nao hawasiti kutuma mtu hospitalini kukagua rejista.

Wapo wanaotoka kwenye gari lililobingirika, wanajipangusa vumbi na kwenda nyumbani kwa sababu wanatembea. Maumivu yanaanza usiku wa tatu. Tafadhali usifanye hivyo. Pita hospitalini siku ile ile hata kama ni mkwaruzo tu. Anayekwenda baada ya wiki mbili huulizwa ni nini kinachothibitisha kwamba hakuanguka shambani.

Hatua ya pili: ushahidi unaopotea jioni ile ile

Gari litavutwa hadi kituoni na barabara itafagiliwa. Kama una nguvu, au kuna mtu ambaye hakuumia wa kukusaidia, piga picha nambari za usajili za magari yote yaliyohusika, stika ya bima kwenye kioo cha mbele, jina la Sacco (ushirika wa wenye matatu) ubavuni, na namna magari yalivyokaa. Stika ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu matatu nyingi hulipia bima kwa vipindi vifupi, na picha yako huonyesha kama siku hiyo ilikuwa hai.

Hifadhi tiketi. Kama ulilipa nauli kwa M-Pesa, usifute ujumbe ule, maana unaonyesha saa na jina la aliyepokea. Chukua nambari za simu za abiria wawili ambao wako sawa kidogo. Wenye matatu wengine hukana kabisa kwamba fulani alikuwemo ndani, na hapo jirani yako wa kiti anaokoa kesi nzima.

Hatua ya tatu: polisi, nambari ya OB na abstrakti

Dereva anatakiwa na Sheria ya Trafiki kusimama, na kuripoti ajali iliyojeruhi mtu ndani ya saa 24. Usitegemee kwamba ameripoti, na zaidi ya yote usitegemee kwamba amekutaja. Nenda mwenyewe au umtume jamaa kwenye kituo kilichoshughulikia ajali. Mtu wa Bungoma aliyeumia Sachangwan hapati abstrakti, yaani muhtasari wa polisi kuhusu ajali, huko Bungoma. Itabidi karatasi ifuatwe huko huko ajali ilikotokea.

Kwanza hakikisha jina lako limeandikwa kwenye kitabu cha matukio, ile OB, na uondoke na nambari yake. Afisa huandika majina ya waliokuwa wakionekana pale barabarani. Waliokimbizwa hospitalini na msamaria kwa pikipiki au pikapu huachwa nje ya orodha, na ndio mara nyingi walioumia zaidi. Kama umeachwa, omba uandikishe taarifa yako na uongezwe.

Kisha omba abstrakti ya polisi. Ni karatasi moja tu, lakini kesi yako yote inaning'inia hapo, kwa hiyo isome ukiwa bado kaunta. Tarehe na mahali pa ajali viwe sahihi. Nambari za magari yote ziwepo, herufi kwa herufi. Nimeona K ikigeuka H na mtu akahangaika miezi kumtafuta mwenye gari ambalo halikuwepo. Jina lako lilingane na kitambulisho, na mbele yake iandikwe kuwa ulikuwa abiria aliyejeruhiwa, na ulikuwa kwenye gari gani. Halafu tazama sehemu ya bima: jina la kampuni, nambari ya sera (mkataba wa bima) na tarehe ya kuisha. Ikiachwa wazi, uliza kwa upole kwa nini, na uonyeshe picha yako ya stika. Mwisho ni muhuri, jina na nambari ya afisa mpelelezi. Kosa likirekebishwa hapo hapo ni kazi ya kalamu; likigunduliwa mbele ya hakimu ni silaha ya upande wa pili.

Chukua pia fomu P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ikajazwe na daktari. Hiyo hutumika zaidi kwenye kesi ya trafiki dhidi ya dereva. Ukiitwa shahidi kwenye kesi hiyo, nenda. Dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo inasaidia sana dai lako. Lakini faini anayotozwa inaingia serikalini, wewe huoni hata shilingi. Fidia yako ni kesi nyingine, ya madai, na huhitaji kusubiri ile ya trafiki iishe.

Hatua ya nne: kujua unamdai nani

Watu husema "nitashtaki bima." Kisheria unamshtaki dereva na mwenye gari kwa uzembe, bima inalipa kwa niaba yao mahakama ikishaamua, au inakubali kulipa kabla. Mwenye gari hutafutwa kwa nambari ya usajili katika kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Anayeonekana pale ndiye anayechukuliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Kama gari liliuzwa na halikubadilishwa jina, washtaki wote wawili, wa kwenye rekodi na anayelitumia.

Magari mawili yakigongana, washtaki wenye magari yote mawili. Kazi ya kuamua nani alikosea zaidi si yako. Mahakama ikisema matatu ina makosa asilimia 70 na lori 30, wewe unapata fidia yako nzima, wao wanagawana mzigo. Kumshtaki mmoja tu ni kumpa nafasi ya kumsukumia lawama asiyekuwepo mahakamani.

Sheria ya bima ya lazima, yaani Sura ya 405, inamlinda abiria aliyelipa nauli. Gari kujaza kupita kiasi si sababu ya bima kumkimbia abiria; kampuni inaweza kumfuata mwenye gari yake baadaye, lakini wewe unalipwa. Kikomo ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na kinachozidi hapo anadaiwa mwenye gari mwenyewe.

Hali ni ngumu zaidi kwa aliyepewa lifti ya bure kwenye gari la mtu binafsi. Bima ya lazima haimbani mwenye gari kumkatia bima abiria wa bure. Bado unaweza kumshtaki dereva kwa uzembe wake, ila malipo yatategemea sera aliyokata au mfuko wake. Kama gari lingine ndilo lililosababisha ajali, bima ya gari hilo ndiyo inayofuatwa. Kwenye boda boda shida huwa ni bima iliyokwisha zamani, kwa hiyo mtazame pia mwenye gari lililoigonga.

Je, abiria anaweza kulaumiwa? Kidogo, na mara chache. Tangu Sheria za Michuki, zile za usalama wa matatu, zianze kutumika mwaka 2004, mikanda ni lazima kwa abiria pia, na hakimu anaweza kukata sehemu ya fidia ya mtu ambaye hakuufunga. Kuning'inia mlangoni au kukaa juu ya mizigo kunaweza kukuletea makato vilevile. Ukikuta kiti hakina mkanda, sema hivyo kwenye taarifa yako. Hilo ni kosa la mwenye gari.

Hatua ya tano: wakili, na watu wanaokuja wodini

Watakuja. Mmoja atajifanya ametoka kwa wakili, mwingine ametoka Sacco, mwingine ni jamaa wa kijiji cha jirani anayejua "mtu wa bima." Atakuwa na fomu na kalamu, pengine na elfu mbili za matunda. Usitie sahihi. Usimpe kitambulisho wala kadi asilia ya hospitali. Wakili haruhusiwi na sheria kutafuta wateja kwa madalali, na anayeanza kwa kuvunja sheria yake mwenyewe hawezi kuaminiwa na pesa zako. Madalali hawa wameharibu jina la madai ya ajali katika eneo letu hadi majeruhi wa kweli wanatazamwa kama wezi. Wengine huweka kwenye orodha ya abiria watu ambao hawakupanda gari, na orodha hiyo ikigunduliwa, aliyeumia kweli anazama nao.

Tafuta wakili mwenyewe. Angalia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya kama ana leseni ya mwaka huu. Fika ofisini, umwone yeye, si karani peke yake. Mwulize ada italipwaje na iandikwe. Makubaliano ya kwamba atalipwa pale tu mkishinda hayakubaliwi na Sheria ya Mawakili, kwa hiyo mtu anayekuahidi "nichukue nusu, ukishindwa hunidai" anakuuzia kitu ambacho hakisimami. Ada zina viwango vilivyowekwa, na mara nyingi upande ulioshindwa huamriwa kulipa gharama za kesi.

Baki na karatasi asilia kadiri inavyowezekana, mpe nakala. Ukimpa asilia, akutilie sahihi kwamba amezipokea. Akikuficha mambo au akikalia pesa zako, Tume ya Malalamiko ya Mawakili ipo kwa ajili hiyo, na kulalamika hakuhitaji wakili mwingine.

Hatua ya sita: kuthibitisha hasara

Fidia ina mafungu mawili. La kwanza ni la maumivu na maisha yaliyopungua: mguu usiokunja tena, usingizi uliopotea, kushindwa kumbeba mtoto. Hakimu hupima kwa kulinganisha na kesi za majeraha kama yako, akitumia ripoti ya daktari. Ripoti hii ni tofauti na kadi ya matibabu. Inaandikwa na daktari anayekuchunguza hasa kwa ajili ya dai, na hueleza jeraha, hali ya sasa na ulemavu uliobaki. Usiikimbilie mapema mno mfupa ukiwa haujaunga. Bima nayo itakutuma kwa daktari wake. Nenda, jibu kweli, usiongeze wala kupunguza.

Fungu la pili ni pesa zilizotoka mfukoni, na hapa sheria haina huruma: kila shilingi idaiwe kwa kutajwa na ithibitishwe kwa karatasi. Risiti za dawa, eksirei, magongo, ambulensi, nauli za kliniki, matibabu yajayo kama kutoa vyuma. Hata kama SHA, bima ya afya ya serikali, imelipa sehemu ya bili, hifadhi ankara nzima.

Kipato ndicho kinachowapotea watu wa jua kali. Mama anayeuza mitumba Kibuye hana hati ya mshahara, na wengi kama yeye hudhani hawana la kudai. Anaweza kuleta taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa, leseni ya kaunti, daftari la mauzo, rekodi za michango ya chama, na shahidi anayeuza naye. Ikikosekana yote hayo, mahakama mara nyingi hutumia viwango vya kima cha chini cha mshahara vya serikali, ambavyo huwa chini ya alichokuwa akipata. Kwa hiyo kusanya. Na aliyeumia akisafirishwa kazini na mwajiri aulize pia kuhusu Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo ina njia yake.

Hatua ya saba: barua ya madai, na ile vocha

Wakili, au wewe mwenyewe, humwandikia mwenye gari barua ya madai, na nakala kwa kampuni ya bima. Bima lazima ipewe notisi ya kesi. Itolewe kabla kesi haijafunguliwa, na uthibitisho wa kupokelewa uhifadhiwe. Bila notisi kampuni inaweza kukataa kulipa hukumu hata ukishinda.

Huenda wakataka mazungumzo. Si vibaya, kesi nyingi nzuri huishia hapo. Lakini soma vocha ya malipo unayoletewa. Ndani yake mna maneno yanayosema kwamba umepokea kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hutadai tena chochote kutokana na ajali hiyo. Ukishatia sahihi, upasuaji wa pili utakaohitajika mwaka ujao ni wako. Pesa ya "pole" kutoka kwa Sacco isiambatane na karatasi ya namna hiyo. Pokea pole kama pole, na ukatae vocha hadi daktari aseme umefikia wapi.

Hatua ya nane: mahakamani, kabla ya muda kuisha

Dai la jeraha lina miaka mitatu tangu siku ya ajali. Gari la serikali lina mwaka mmoja tu, na kwa usalama hesabu hivyo kwa gari lolote la umma, la kaunti au la shule. Basi lililopinduka kwenye mzunguko wa Coptic hapo Mamboleo, Agosti 2025, lilikuwa basi la shule lililobeba waombolezaji. Familia zikiwa kwenye matanga mwaka hukatika bila mtu kuhisi. Mtoto hushtaki kupitia mzazi au mlezi, msisubiri akue.

Kesi hufunguliwa ajali ilikotokea au anakoishi mshtakiwa. Ajali ya Sachangwan huenda Molo, ya Ahero huenda Nyando. Hakimu mkuu husikiliza madai ya hadi milioni 20, na mahakimu wa chini yake kwa viwango vyao. Mahakama ya Madai Madogo ina kikomo cha milioni 1, inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia. Sheria iliyoiunda inataja fidia ya majeraha, ila majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu madai ya ajali za magari, kwa hiyo uliza msimamo wa sasa kabla ya kulipa ada ya kufungua.

Siku ya ushahidi utaulizwa ulikaa kiti gani, ulipandia wapi, mkanda ulikuwepo, gari lilikuwa likienda vipi. Sema ulichoona. Kama ulikuwa umelala, sema ulikuwa umelala. Abiria hana wajibu wa kumchunga dereva.

Aliyefariki

Sheria ya Ajali za Vifo inawatambua mume au mke, wazazi na watoto kama wategemezi. Kaka na dada hawamo, hata kama marehemu ndiye aliyewalipia karo. Familia ichukue cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja wategemezi, na kibali cha mahakama cha kuendesha kesi kwa niaba ya marehemu, ambacho hutolewa haraka kuliko urithi kamili. Muda ni miaka mitatu tangu kifo. Risiti za mazishi nazo hudaiwa, kwa hiyo mweka hazina wa matanga azitunze.

Kulipwa

Hukumu ikitoka na bima ikae kimya, hufunguliwa kesi ya pili dhidi ya kampuni yenyewe, ikiomba mahakama itangaze kwamba inapaswa kulipa hukumu ile. Hapo ndipo notisi na nambari ya sera kwenye abstrakti vinapohitajika tena. Malalamiko kuhusu kampuni inayochelewesha hupelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, bila malipo.

Kampuni za bima ya matatu huanguka pia. United iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na wenye hukumu mikononi wakabaki wakingoja. Siku hizi kuna Mfuko wa Fidia kwa Wenye Sera, unaolipa madai ya kampuni zilizofungwa hadi kikomo fulani, na salio bado unaweza kumdai mwenye gari. Peleka dai mapema mara tangazo linapotolewa gazetini, ukiwa na nakala ya hukumu.

Pesa zikifika, zitaingia kwanza kwenye akaunti ya wateja ya wakili. Mwombe maandishi yanayoonyesha kiasi kilichotoka kwa bima, tarehe, ada iliyokatwa na kwa msingi gani, na kilichobaki. Linganisha kiasi hicho na hukumu au makubaliano yenyewe, ambayo nakala yake unaweza kuipata kwenye rejista ya mahakama, kisha ndipo utie sahihi ya kupokea.